Kicheko cha Mzee Vitalis

Hapo zamani, na msikae mkao wa kumngojea sungura maana leo hayumo, hapo zamani hizi za juzijuzi, ulipokuwa ukipigwa picha Jumapili unakuja kuiona baada ya wiki mbili, tena ukijaliwa, palikuwa na mzee mmoja Iringa, mtaa wa Kihesa, ambaye hakuna aliyewahi kuiona picha yake akicheka. Jina lake Vitalis Kalinga. Si kwamba hakuwa na meno. Meno alikuwa nayo, tena yenye mwanya katikati, mwanya ambao mkewe, Mama Skolastika, aliwahi kuusifia mbele ya padre. Shida ilikuwa kazi. Mzee Vitalis alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na kila asubuhi alisimama mlangoni, hakimu akitokea, yeye anapaza sauti: "Simameni wote." Watu wanasimama, na yeye anasimama kuliko wote. Basi kichwani mwake kamera ikawa sawasawa na hakimu. Ikitokea, unasimama.

Angalia picha za nyumba ile. Picha ya ndoa: mzee wima, mikono ubavuni, uso wa kusubiri hukumu. Picha ya ubatizo wa Desderi, kifungua mimba wake: mzee wima, mikono ubavuni, uso uleule. Picha ya ng'ombe wao alipozaa mapacha: mzee wima, mikono ubavuni, na ukiitazama vizuri utaona mwenye furaha pale ni ng'ombe peke yake. Kubwa kuliko zote ilikuwa imetundikwa sebuleni. Mtoto wa jirani aliingia siku moja kuomba chumvi, akainua macho, akaiona, akalia mpaka akatapika. Chumvi ikaja kuchukuliwa na mama yake.

Sasa mzee huyu alikuwa na binti, kitinda mimba wake, anaitwa Leokadia. Leokadia alikuwa mfumaji wa masweta, na kwa baridi ile ya Iringa mfumaji halali njaa. Mumewe, mwalimu Bonifasi, alikuwa amehamishiwa Mtwara, ametangulia kutafuta nyumba ya kupanga. Leokadia alikuwa amfuate, na alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kusalimia watu kabla yake. Na njia ya Mtwara enzi hizo, ah, msiniulize. Mtu akienda, kurudi ni majaliwa.

Kilichomnyima usingizi si safari. Alijua kuwa mtoto wake atamjua babu kwa picha tu, na picha zenyewe ndizo hizo. Yeye alimjua baba mwingine. Alimkumbuka baba aliyembeba mabegani wakati wa mavuno, akicheka mpaka bega linamtikisa. Kicheko hicho kiliisha lini hakujua, ila alijua kimo ndani ya mzee mahali fulani, na alitaka akitoe akiweke kwenye karatasi aende nacho. Hakutaka kitu kingine chochote katika nyumba ile, hata blanketi jipya aliloshonewa na mama yake.

Basi akafuma, akafuma, akauza, akaenda mnadani akanunua kamera. Zile ndogo nyeusi, ukubwa wa sabuni ya kuogea, za watu wasiotaka shida. Hupimi mwanga, huzungushi kitu. Unasukuma kifuniko pembeni, klak, jicho linafunguka. Unachungulia kidirishani, unabonyeza, flashi inawaka, mkanda unajivuta wenyewe, zzzii, umemaliza. Leokadia akaweka betri, akaweka filamu, akaanza kumwinda baba yake.

Akamvizia akilisha kuku. Klak. Mzee akaacha kuku, akasimama wima, mikono ubavuni. Akamvizia akipiga soga na majirani kwenye ua. Klak. Mzee akakata maneno katikati, akafunga kifungo cha koti, wima, mikono ubavuni. Akamvizia akisinzia kwenye kiti baada ya chakula, akasema moyoni, leo nimempata, hata asipocheka basi uso utakuwa umelegea. Klak. Mzee hakufumbua macho, lakini mikono ilishuka yenyewe ubavuni na shingo ikanyooka. Hivyo hivyo, filamu ikawa inaliwa na uso mmoja.

Jumapili moja, wiki chache kabla ya safari, wakafanya sherehe ndogo ya kumuaga. Baada ya misa watu wakajaa uani, ulanzi ukamiminwa, sufuria zikapanda moto. Ndipo akaingia Mzee Egno Komba, mshona viatu wa pale sokoni, Mngoni wa Songea, mtani wa Mzee Vitalis wa miaka mingi. Mnajua wenyewe habari ya Wangoni na Wahehe. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani haombi radhi. Mtani akishika kitu chako mkononi ndiyo basi, labda ukikomboe. Na mtani ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa.

Mzee Egno hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mwenye nyumba, akakuta koti limetundikwa, akalivaa, akajifunga vifungo mpaka kooni, akaanza kuzunguka ua akikagua watu. Leokadia alikuwa na kamera yake mkononi, anamsubiri baba yake kwa upande ule, na kila akichungulia kidirishani anaona mgongo wa Mzee Egno. Akavumilia, akavumilia, mwisho akamwambia kwa heshima lakini kwa ukavu kwamba filamu inakwisha, tafadhali apishe. Mzee Egno akajifanya hamnazo. Leokadia akaudhika, akaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwambia kaka yake Desderi asiiguse, akaenda jikoni kutazama wali.

Desderi huyu nimesema ni kifungua mimba. Kijana wa watu, fundi baiskeli, mkono mzuri tu wa kazi, lakini na baba yake walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mzee alitaka mwanawe avae tai akae mahakamani. Desderi alitaka grisi. Tangu siku aliyoacha shule, mzee alimtazama kwa jicho la picha, hata pasipo kamera. Haya. Dada yake alipogeuka tu, Desderi akaiokota kamera, akakalia kinu, akaigeuzageuza. Aliambiwa asiguse. Akagusa.

Kumbe wakati huo Mzee Egno amefika mlangoni mwa nyumba. Akasimama wima ndani ya koti la watu, mikono ubavuni, akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo hata mkewe angeapa ni ya Mzee Vitalis mwenyewe.

"Simameni wote."

Watu wakasimama. Kikombe cha ulanzi kikamwagika. Mjumbe wa mtaa akasimama na kofia akavua. Na Mzee Vitalis, jamani, Mzee Vitalis naye alisimama. Alisimama kwa sauti yake mwenyewe, haraka kuliko wote, kisogo kimenyooka, kisha akajiona amesimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kila mtu wima, ila mtu mmoja tu ua mzima alikuwa amekaa, Desderi, juu ya kinu. Mzee akamtazama mwanawe. Mwanawe akamtazama. Basi kikamtoka. Kicheko kikapanda kutoka tumboni, mwanya nje, bega linatikisika, machozi yanashuka. Na Desderi, ambaye alikuwa ameinua kamera ampige Mzee Egno wala hata kidirishani hachungulii, kidole kikabonyeza.

Jikoni Leokadia akasikia. Alikisikia kicheko kile akakijua, akatoka mbio na mwiko mkononi, tumbo mbele, akafika mzee ameshakaa anajifuta macho kwa leso. Akauliza nani amepiga. Desderi akasema hajui, ila amebonyeza kitu na kimewaka. Leokadia hakujua amkumbatie au ampige na mwiko.

Mchana uliobaki akaendelea kumpiga baba yake picha, labda kitarudi. Hakikurudi. Wima, mikono ubavuni.

Lakini hamjasikia vituko bado. Jioni ile mzee akaanza kuona haya. Mtu mzima, mstaafu wa serikali, amecheka mbele ya mjumbe mpaka amelia, tena ushahidi umo ndani ya kile kisabuni cheusi. Akawaza: picha imo mle, kama barua ndani ya bahasha, nikiitoa, yamekwisha. Akaichukua kamera mezani, akapapasa, akakuta kitufe, akafungua mgongo wa kamera taa inawaka sebuleni. Akaona mkanda wa kahawia unang'aa. Akaukodolea macho. Hakuona mtu anayecheka popote.

Mama Skolastika alikuwa anapita na blanketi mabegani. Habari za filamu hakuwa nazo, lakini alikuwa amemsikia binti yake akisema mara kwa mara kwamba ndani ya kamera hapatakiwi mwanga. Alilirusha blanketi juu ya kamera, juu ya mikono ya mumewe, juu ya meza na kila kitu, akaingia naye kichwa chini ya blanketi, akapapasa gizani mpaka akaufunga ule mgongo. Wakatoka nywele timutimu. Kisha akamwambia mumewe maneno ambayo mimi siyarudii mbele ya watoto.

Fundi wa studio aliposafisha filamu akatikisa kichwa. Mkanda hujizungusha, akaeleza, za juu zikaungua zote, zimekuwa nyeupe pe. Za ndani zimepona. Akamwaga picha mezani. Leokadia akazipitia moja moja. Mzee na kuku, wima. Mzee na majirani, wima. Mzee amesinzia, wima. Akafika ya mwisho kabla ya zile zilizoungua, na hapo akaketi. Upande mmoja wa picha ulikuwa mwekundu kama kaa la moto, mwanga ulipoila. Upande mwingine lilionekana koti na mkono mmoja wa Mzee Egno, kichwa kimekatwa. Katikati, baba yake anacheka. Mwanya, machozi, bega na vyote. Leokadia akalia pale pale studio, na fundi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Picha moja, negativu moja, yaani kile kipande cha filamu kinachozaa picha. Najua mnataka kusema nini, si angesafishiwa nyingine? Ndivyo alivyopanga. Akaiweka bahasha sebuleni, kesho yake arudi studio. Lakini Mama Skolastika, mkono wake ukishika pasi haujui kuiweka chini. Anapiga pasi shuka, anapiga pasi soksi, anapiga pasi matambara ya jikoni. Asubuhi ile alikuwa anaunyoosha mzigo wa binti yake wa safari, pasi ya mkaa imekolea, akaiona bahasha, akaifungua, akakuta kile kipande cha negativu kimejikunja. Akawaza, itakuwaje mwanangu aende Mtwara na kitu kimejikunja? Akakinyoosha. Harufu ndiyo iliyomwita Leokadia.

Wakajaribu kuipiga picha ile picha kwa kamera ileile. Kamera hizi haziwezi kuona kitu cha karibu, ikatoka ukungu mtupu. Wakampa fundi atoe nakala kwa mtambo wake, ikatoka nakala yenye doa jeusi mahali pa meno, mwanya hauonekani. Leokadia akaitazama akasema huyu si baba. Basi ikabaki moja tu duniani.

Siku ya safari ikafika. Mzigo uko mlangoni, teksi ya kumpeleka stendi inasubiri, picha iko mezani, na Leokadia akanyoosha mkono aiweke kwenye mkoba. Mikono mingine mitatu ikafika juu ya picha kabla yake.

Leokadia akasema: "Picha ni yangu. Kamera nimenunua mimi, filamu nimenunua mimi. Kila mtu alishazoea kumwona baba vile, mimi peke yangu ndiye niliyekitafuta kicheko hiki. Ninyi mnabaki naye. Mimi ninaondoka, na mwanangu hatamwona."

Desderi akasema: "Picha ni yangu. Nimeipiga mimi. Na muitazame vizuri macho yake, yanamtazama nani? Tangu nimeacha shule baba hajanitazama namna hiyo. Hapa amenitazama, na amecheka. Ukiichukua, dada, nitabaki na ile ya ukutani."

Mama Skolastika akasema: "Picha ni yangu. Bila blanketi langu mngekuwa mnagombea karatasi nyeupe. Na kicheko hiki mimi ndiye niliyeolewa nacho, kabla mahakama haijakichukua. Nimekingoja kuliko ninyi wote."

Mzee Egno, ambaye alikuja kuaga akajikuta kwenye kesi, akasema: "Picha ni yangu. Mkono huo wangu, koti lenyewe nililikamata kwa utani na halijakombolewa mpaka leo. Mababu zetu walipigana wasipate mshindi. Mimi nimemshinda Mhehe uani kwake, na ushahidi ndio huo. Na kama si mimi, mngepiga picha mpaka kamera iote kutu."

Wakaanza kuumbuana sasa. Desderi akamkumbusha dada yake kwamba alitaka kumfukuza Mzee Egno kwenye kamera, na angefaulu kusingekuwa na kicheko chochote. Leokadia akamkumbusha kaka yake kwamba aliambiwa asiguse, na kwamba hakumlenga baba, alimlenga Mzee Egno na hata huyo akamkata kichwa. Mzee Egno akamkumbusha mama pasi. Mama akamkumbusha Mzee Egno kwamba yeye alikuja kuchekesha kila mtu, wala hakuwa na habari kama kuna kamera. Dereva wa teksi akapiga honi.

Ndipo Mzee Vitalis akaja kutoka chumbani. Wote wakajua anakuja kuitia ile picha kwenye sanduku lake na kufuli, maana tangu mwanzo ndivyo alivyosema, uso ni wangu na aibu ni yangu. Akaiokota picha. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akainua macho akaitazama ile kubwa iliyotundikwa.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani mnaipenda ile ya ukutani."

Leokadia naye akaitazama ile ya ukutani. Aliona haya kwa ajili ya baba yake, akamwonea huruma, na bado, Mungu amsamehe, alikuwa anaitaka ile picha.

Mzee akasema sanduku hataki tena. Akasema mwenye kustahili ataichukua, na wengine wasimnunie, wala mtu asimtajie mkasi, maana mama alikuwa ameshasema atakayeleta mkasi ataanza kukatwa yeye. Honi ikalia tena. Akaunyoosha mkono wenye picha.

Mbele yake walikuwa wamesimama wanne: aliyekitafuta kicheko, aliyekileta, aliyekipiga na aliyekiokoa. Na wewe unayetaka kuniambia apewe anayesafiri, uniambie kwanza utamweleza nini Desderi. Na wewe unayesema mke ndiye mke, ukumbuke pasi. Mimi nimeshasema yangu yote na koo limenikauka. Teksi inanguruma, mkono wa mzee uko hewani.

Je, nani alistahili kuondoka na kicheko cha Mzee Vitalis?